Moshi unarudi sebuleni: utatuzi wa matatizo ya meko ya ukutani

Njombe, Makete, Mufindi, Lushoto na, ng'ambo ya mpaka, Limuru na Molo: huko kwenye baridi, nyumba nyingi za zamani, hasa za misheni na za mashamba ya chai, zilijengwa na meko ya ukutani sebuleni. Wengi tunayaita tu fayaplesi. Siku hizi hata wanaojenga nyumba mpya wanayataka. Sehemu kubwa ya mwaka yanakaa yamewekewa maua ya plastiki. Juni ikiingia, yote yanawashwa wiki moja, na simu za mafundi waashi zinaanza kuita.

Malalamiko ni yale yale kila mwaka, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili, kama wenye nyumba wanavyoyasema. Chini ya kila dalili nimeanza na kisababishi ninachokikuta mara nyingi, nikashuka hadi kile cha nadra. Maneno mawili tuelewane mapema: koo la dohani (yaani la njia ya moshi inayopanda hadi juu ya paa) ni ile sehemu nyembamba iliyo juu kidogo ya moto, na kilango ni bamba la chuma linalolifungua na kulifunga koo hilo. Si kila meko yana kilango.

Mawili yasiyosubiri

*Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, watu wanasinzia ovyo.* Wakiwa wawili au zaidi walioota moto pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, usianze kutafuta malaria. Ichukulie kuwa ni kaboni monoksaidi mpaka ithibitike vinginevyo. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Toa kila mtu nje, acha milango wazi, usibaki ndani ukihangaika kuzima moto. Aliyezirai au anayeongea asichokijua apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe kwamba kulikuwa na moto ndani ya nyumba, maana asipoambiwa anaweza asifikirie.

Kisababishi cha kwanza ni kufunga kilango usiku ili joto lisitoroke, wakati makaa bado yana moto. Makaa yasiyotoa moshi ndiyo hatari zaidi, kwa sababu macho hayaoni chochote cha kukutisha. Kilango hufungwa majivu yakiwa ya baridi kabisa, hata kama ni kesho yake mchana. Cha pili ni mkaa: mtu anaona kuni zinafuka, anaweka jiko la mkaa mle mle ukutani akiamini dohani itavuta. Mkaa hautoi hewa ya moto ya kutosha kuiamsha dohani iliyopoa, na gesi inabaki chumbani. Cha tatu ni dohani iliyoziba. Usiwashe tena mpaka aliyekagua dohani yote, chini hadi juu, akwambie iko wazi. Kengele ya kutambua gesi hii inapatikana kwenye maduka ya mijini. Ukiwa na meko yanayowaka kila usiku, inunue kabla ya zulia.

*Ngurumo ndani ya dohani, kama lori linapanda mlima, na cheche au miali juu ya paa.* Dohani yenyewe inaungua. Yale masizi ya lami yaliyogandamana ndani yameshika moto, na joto lake linaweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Watoe watu, piga 114 kwa Zimamoto ukiwa Tanzania, au 999 ukiwa Kenya. Kama ni salama kukaribia, funika moto wa chini kwa mchanga mkavu au majivu. Usimwage maji: yanageuka mvuke ghafla, yanapasua matofali, na ufa huo ndio utakaopeleka moto kwenye kenchi. Usipande paani. Hata moto ukizimika wenyewe, meko hayo hayawashwi tena kabla ya kukaguliwa, na mtu aangalie juu ya dari kwa saa kadhaa, maana mbao huungua polepole bila kelele.

Moshi unarudi ndani mara tu ukiwasha

Hili ndilo lalamiko kubwa, na mara nyingi dohani haina kosa. Dohani huvuta kwa sababu moja tu: hewa ya moto ni nyepesi, inapanda. Ikipoa siku tano, mle ndani kunakuwa na hewa nzito ya baridi iliyokaa kama kizibo, na moshi wako mchanga hauna nguvu ya kuisukuma.

Kabla ya yote, angalia kilango kama kimefunguka kweli. Usione aibu, nimeshapanda ngazi kwenye paa la mtu saa nzima nikitafuta tatizo, kumbe mpini umegeuzwa upande siyo. Ingiza tochi na kioo kidogo, tazama juu.

Kilango kikiwa wazi, pasha koo joto. Kunja gazeti liwe kama mwenge, liwashe, lishike juu kabisa ya uwazi wa meko kwa dakika moja au mbili mpaka uone miali inavutwa kwenda juu. Hapo ndipo uwashe vijiti vyako. Washa kwa vijiti vyembamba vikavu vinavyotoa miali ya haraka. Kuanza na gogo nene ni kujitengenezea moshi.

Bado unarudi? Fungua dirisha la sebuleni, upande unakotoka upepo, kama vidole vitatu hivi. Moshi ukigeuka na kupanda ndani ya dakika chache, tatizo lako ni hewa ya kuingia. Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ndiyo kesi inayoongezeka. Nyumba za zamani zilikuwa na madirisha ya mbao yenye mianya na milango isiyofika chini. Mwenye nyumba anakarabati: aluminiamu yenye mipira, milango mipya, vigae, dari jipya bila tundu. Baridi inapungua, anafurahi. Juni anawasha meko yaliyovuta vizuri miaka arobaini, na sebule inajaa moshi. Anamlaumu fundi wa dari. Kila hewa inayopanda dohani lazima hewa nyingine iingie nyumbani kuijaza nafasi yake, na sasa haina pa kuingilia. Feni ya kutolea hewa jikoni ikiwa inazunguka, ndiyo kabisa: inaivuta hewa kupitia dohani, moshi unashuka badala ya kupanda. Izime. Suluhisho la kudumu ni tundu la hewa ukutani, karibu na meko, lenye wavu wa kuzuia panya. Usilizibe Julai kwa tambara kwa sababu linapuliza baridi miguuni.

Ukifungua dirisha na hakuna kinachobadilika, basi tunaingia kwenye ujenzi. Meko mengi mapya yana uwazi mkubwa wa kupendeza machoni na dohani nyembamba. Kipimo cha kuanzia ni hiki: eneo la ndani la dohani liwe karibu moja ya kumi ya eneo la uwazi. Uwazi wa sentimita 90 kwa 75 ni sentimita za mraba 6,750, kwa hiyo unataka dohani ya karibu 26 kwa 26. Ukikuta fundi amejenga 20 kwa 20, ambayo ni 400 tu, umeshajua. Huhitaji kubomoa. Chukua kipande cha bati kipana kuliko uwazi, moto ukiwaka kiegemeze juu ya uwazi (vaa glavu nene), kishushe polepole sentimita tano tano. Pale moshi unapoacha kutoka ndipo fundi wa kuchomelea aweke bamba la kudumu. Katika mfano wetu, dohani ya 20 kwa 20 ingetosheka na uwazi wa kama 90 kwa 44.

Ufupi wa dohani unafuata. Kuanzia juu ya uwazi hadi mdomoni ningependa isipungue mita 4.5. Huku juu kuna jambo lingine ambalo michoro iliyochukuliwa mtandaoni hailihesabu: kwenye mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam, na mvuto wa dohani unapungua nayo. Nyumba ya Molo au Makete inahitaji dohani ndefu kidogo kuliko kitabu kinavyosema.

Moshi hurudi siku za upepo tu

Hapa tatizo liko paani. Mdomo wa dohani ukiwa chini ya kilele cha paa, upepo ukivuka kilele unashuka kama maji yanavyomwagika nyuma ya jiwe, na unaingia nao ndani. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni dohani ipite paa kwa angalau sentimita 90 pale inapotokea, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka kwake. Mkaratusi uliopandwa mdogo karibu na nyumba na sasa umekuwa mrefu kuliko paa unaweza kuleta shida hiyo hiyo. Watu wengi husahau kwamba miti inakua. Kofia ya dohani husaidia upepo ukiwa wa kuzungukazunguka. Kuinua dohani ni kazi ya mwashi na jukwaa, si ya ngazi ya kuazima.

Yalikuwa yanavuta vizuri, sasa yameanza kufukiza

Kitu kimebadilika, na mara nyingi kimeziba. Masizi kwanza. Kisha wavu wa juu: wengi huweka wavu wa kuzuia cheche, jambo zuri, hasa kama jirani ana paa la nyasi, lakini wanaweka wa matundu madogo kama chujio la chai. Masizi yanauziba msimu mmoja. Matundu ya kama milimita 12 yanatosha. Baada ya hapo ni viota. Na nyuki. Nyuki wakihamia dohani usijaribu kuwafukuza kwa kuwasha moto. Nta inayeyuka, inadondoka na kushika moto. Mwite mfuga nyuki, akiwatoa na masega yote, ndipo dohani isafishwe.

Kama umekagua hivyo vyote, labda tofali au plasta ya ndani imeanguka na kukwama kwenye kona. Ukiona vipande vya tofali au udongo vikidondoka kwenye majivu, acha kuwasha, mwite mwashi.

Moto unadumaa, kuni zinafoka povu, moshi mweupe mzito

Kuni mbichi. Hakuna haja ya orodha.

Mti uliokatwa jana unaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Moto wako unachemsha maji hayo kwanza, ndipo ukupashe wewe joto. Moshi wake ni wa baridi na una unyevu, unaganda kwenye kuta za dohani kuwa ile lami nyeusi niliyoitaja. Kwa hiyo anayechoma kuni mbichi anapata joto kidogo na anajaza dohani yake kuni nyingine, za kuungua siku asiyoipanga.

Kuni nzuri zina unyevu chini ya asilimia 20. Usipokuwa na kipimo, tazama ncha: ziwe na nyufa kama jua. Gonganisha mbili, zilie kwa sauti kali, si kwa sauti ya kitambaa. Ukiwa na mashaka zaidi, pima kipande kimoja kwenye mizani ya dukani, kirudishe juani, ukipime tena baada ya wiki. Kikiwa bado kinapungua uzito, hakijakauka.

Kwa Nyanda za Juu Kusini ratiba inajipanga yenyewe: pasua kuni mvua zikiisha, Mei au Juni, zianike kiangazi chote, kisha zikae chini ya bati wakati wa mvua, zichomwe Juni inayofuata. Zipasue, gogo zima lenye ganda halikauki. Ziinue kutoka ardhini, zifunike juu tu, pembeni paachwe wazi. Kuzifunga na turubai gubigubi ni kuzitengenezea uyoga.

Kuhusu aina ya mti, watu wananiuliza sana. Miwati ni kuni bora, inawaka kwa utulivu na kuacha makaa mazuri. Mikaratusi ni mizito na ya moto mkali lakini haina mzaha na ukavu. Misindano inasingiziwa kwamba ndiyo inayojaza lami. Msindano mkavu haujazi dohani kama mwati mbichi. Kasoro yake ni kurusha cheche na kuisha upesi, kwa hiyo ninautumia kuwashia.

Kuna kuni za bei nafuu ambazo sitaki uzione mekoni: mabaki ya nguzo za umeme na za uzio. Kwa kuwa nguzo hizo zinatengenezwa huku huku, vipande vyake vinazagaa. Zile zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Nyeusi zinazonuka lami zimelowekwa kreosoti. Zote mbili moshi wake ni sumu, na kwa zile za kijani sumu inabaki hata kwenye majivu. Mbao zenye rangi, plaiwudi na plastiki nazo zibaki nje. Petroli na mafuta ya taa havimwagwi kwenye meko, hata kidogo, hata kama moto umekuaibisha mbele ya wageni.

Moto mkubwa, chumba baridi

Meko ya wazi hupeleka sehemu kubwa ya joto angani, ndivyo yalivyo. Lakini unaweza kuyapunguzia hasara. Sukuma moto nyuma, ukae karibu na ukuta wa nyuma, ambao ukipata moto unarudisha joto chumbani. Acha sentimita mbili tatu za majivu chini. Makaa hukaa vizuri juu yake. Funga mlango wa korido, huwezi kupasha nyumba nzima. Meko yakiwa na kina kirefu kama pango, mwashi anaweza kuyajenga upya ndani yawe mafupi, na kuta za pembeni zilizolala kwa mshazari na koo jembamba. Wazo hilo si geni: Benjamin Thompson, aliyejulikana kama Count Rumford, alilieneza London miaka ya 1790, na bado linafanya kazi.

Nyufa ndani ya meko

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye viungo ni kawaida. Ufa unaoingiza sarafu si kawaida. Mara nyingi utakuta fundi alipiga plasta ya saruji ya kawaida, ambayo haiwezi joto hilo. Inapasuka, hata kuruka vipande. Sehemu ya moto ijengwe kwa matofali yanayostahimili moto na udongo wake maalumu. Mawe ya mtoni yanapendeza, lakini yakiwa na maji ndani hupasuka kwa kishindo. Meko mapya nayo yapewe muda: subiri mwezi mmoja yakauke, kisha washa moto mdogo siku kadhaa kabla ya ule mkubwa.

Ukuta juu ya meko ni wa moto, au kuna harufu ya mbao kuungua

Weka kiganja ukutani moto ukiwa umewaka kwa muda wa saa mbili. Ukishindwa kukiacha hapo, zima, usiwashe tena. Joto linapita kwenye ufa wa dohani, au dohani imegusana na mbao. Kati ya ukuta wa nje wa dohani na kenchi au papi inatakiwa nafasi ya kama sentimita 5. Mbao inayopashwa mwaka hadi mwaka inabadilika, inakuwa nyeusi, na hatimaye inashika moto kwa joto ambalo zamani lisingeiwasha. Panda darini na tochi, utafute mbao zilizobadilika rangi na alama za masizi kwenye matofali. Ukizikuta, kazi yako imeishia hapo. Ni ya mwashi na seremala wa paa pamoja.

Nyumba ya zamani ikiwa na paa au bomba la asbesto, usitoboe wala kukata chochote mwenyewe. Vumbi lake linaharibu mapafu.

Harufu ya masizi wakati moto haujawashwa

Huja na mvua. Maji yanalowesha masizi, hewa inashuka. Safisha, weka kofia juu, funga kilango. Ukiona na doa la maji kwenye dari kando ya dohani, ni bati la kuziba pale dohani inapotoboa paa limeachia. Fundi wa paa, siku kavu.

Cheche zinaruka hadi kwenye zulia

Kuni za msindano au zenye unyevu, kama nilivyosema. Weka wavu wa chuma mbele kila unapowasha. Sakafu isiyoungua itokeze angalau sentimita 40 mbele ya uwazi na 20 kila upande, na rafu ya mbao juu isikaribie uwazi chini ya sentimita 30. Nguo za mtoto hazianikwi hapo.

Kusafisha, na majivu

Dohani isafishwe mara moja kwa mwaka, Aprili au Mei, kabla ya baridi. Ukikwangua na kukuta masizi ya unene wa milimita 3, usingoje Mei. Tumia brashi ya waya inayolingana na dohani. Kushusha tawi la miiba kwa kamba, au mnyororo, kama wengi wanavyofanya, kunang'oa viungo vya matofali. Masizi ya unga na ya magamba yanatoka kwa brashi. Yaliyoganda yaking'aa kama lami ya barabarani hayatoki hivyo, na ukiyagonga utapasua dohani. Hayo mwachie anayefanya kazi hiyo.

Majivu yanayoonekana yamekufa yanaweza kuficha kaa hai kwa siku tatu au nne. Yaweke kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, nje, juu ya udongo au zege, mbali na ukuta wa mbao. Kamwe si kwenye ndoo ya plastiki verandani. Yakipoa kabisa, na kama hukuchoma nguzo zilizotiwa dawa, nyunyiza kidogo kwenye bustani ya mboga. Viazi mviringo usivipe: majivu hupunguza asidi ya udongo, na hapo ugonjwa wa ukoko hupata nafasi.